Dirisha la Jibini kwa Mke Wangu

Jumapili, Kidodi. Hakuna wingu, hakuna upepo, ila majivu yanadondoka. Wamechoma shamba la miwa ng'ambo ya barabara, na vipande vyeusi vinaelea hewani kama manyoya ya kuku. Vinatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vyombo, na kwenye kichwa changu nilichonyoa jana kikawa kinang'aa. Roho yangu leo iko safi. Mkono wa kushoto una malengelenge mawili. Yote hayo yametokana na jambo moja, na nitalieleza taratibu kwa sababu nataka nilifaidi.

Kwanza niandike wazi, nisije nikazeeka nikasahau: mimi Shabani ndiye mtu wa kwanza Kidodi nzima kupika wafo. Kama kuna mwingine, ajitokeze na ushahidi.

Wafo, kwa wasiobahatika kuishi na mtu kama mimi, ni ule mkate wenye vishimo vishimo vya mraba ambao wageni wanaokuja Mikumi kuangalia tembo wanaula asubuhi na asali juu. Wangu hauna asali. Hauna sukari. Hauna hata unga, wa ngano wala wa mchele. Una jibini, mayai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili na iliki, basi. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni omleti iliyopata ajali. Nilidhani hivyo na mimi.

Nimeupika kwa ajili ya mke wangu.

Mke wangu amevuka sabini, hana meno mawili ya mbele, na anaitwa Bi Mwanahawa. Ni mama yake baba. Kwetu bibi ni mke wa mjukuu wake wa kiume, ndivyo utani ulivyo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyelelewa mgongoni kwake, basi ni mume halali mwenye haki zote: kusemwa, kutumwa dukani, na kuulizwa mbele za watu nitamvisha kanga mpya lini. Ila shikamoo yake siichezei. Hata tukiwa tumenuniana, nikifika naweka begi chini, "Shikamoo Bibi." Anaitikia, "Marahaba, mume wangu." Hapo ndo vita inaanza.

Mke wangu huyu ameuza vitumbua miaka na miaka pale malori ya miwa yanaposimama. Madereva walikuwa wanapiga honi kabla hawajafika ili vya moto viwakute. Nimekula vitumbua vyake mpaka kidato cha pili. Kuacha shule pale pale kidato cha pili ni akili zangu mwenyewe, vitumbua visilaumiwe.

Sasa mwaka huu kliniki ya Kilosa wakamwambia ana kisukari. Tulicheka kidogo, maana nyumba nzima imesimama kwa miwa. Bati ni miwa, kitanda ni miwa, hata daftari zangu zile nilizoziacha zilikuwa miwa. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu mguuni ana kidonda. Kidole gumba cha kulia, ndala mpya ilimkwaruza, kitu kidogo tu, kikagoma kufunga. Nesi akatueleza bila kuzunguka: sukari isiposhuka kidonda hakitapona, na kidole kisichopona hukatwa.

Shangazi Zaina, anayeishi naye, akachukua hatua. Sukari ikahamia kwenye kabati lenye kufuli. Kikaango cha vitumbua, kile cheusi chenye vishimo saba, kikapandishwa darini. Bibi akakatazwa hata kukaribia jiko, asije akaunguza mguu. Kila kitu kwa nia njema.

Bibi akasusa.

Sio kwa kelele. Aliacha tu kuja kwenye jamvi asubuhi. Sisi tunakunywa chai barazani, yeye chumbani kajifunika. Ukimwita anasema chai isiyo na sukari wala kitafunwa ni maji ya kuoshea vyombo, na yeye si chombo. Shangazi alimletea mayai ya kuchemsha, akasema yananuka kuku. Alimletea karanga, akauliza kama tumesahau ana meno mangapi. Basi anameza vidonge tumbo likiwa tupu, na kabla ya adhuhuri anashika ukuta kwa kizunguzungu.

Hilo ndilo lililokuwa linaniumiza nikiwa kazini Mikumi. Ukuta. Kwamba mke wangu anashika ukuta na mimi sipo.

Halafu kuna jambo lingine, ambalo sikumwambia mtu. Ijumaa moja nimerudi, nikaingia chumbani kwake kumtafutia shuka. Nyuma ya mtungi wa maji nikakuta kopo la rangi, na ndani ya kopo makapi ya miwa. Yaliyotafunwa. Mabichi bado. Malori yanapita mbele ya nyumba kutwa, miwa inadondoka, watoto wanaokota. Kumbe na mtu mwingine anaokota.

Nilicheka kwanza. Nilimwona kichwani mwangu akinyemelea barabarani na mkongojo kama mwizi wa kuku. Halafu nikaona bandeji iliyoanikwa dirishani, na kicheko kikakata. Nikalirudisha kopo mahali pake. Sikusema.

Mimi ni fundi kuchomelea. Pale Mikumi, ukipita barabara kuu ukaona geti lenye maua ya chuma yaliyonyooka vizuri, hilo ni langu. Yaliyopinda ni ya Fundi Athumani, bosi wangu, lakini hilo usimwambie. Kazi ndiyo iliyonipeleka kwenye hosteli moja ya wageni kurekebisha geti la jikoni, na hapo nikamwona dada mpishi anafungua kimashine cha umeme, anamwaga uji mzito, anafunika, kinatoka kitu cha dhahabu chenye miraba. Harufu ilinifanya niache geti likining'inia.

Akaniambia huo ni wa mgeni asiyekula sukari wala unga. Jibini na yai tu. Akanipa kipande. Kilikuwa kinavunjika pembeni kama ukingo wa kitumbua, pale panapoungua kidogo, ambapo mimi na Bibi tulikuwa tunagombania.

Nikajua nimepata dawa. Nikamuuliza dada mashine ile inapatikana wapi, akataja mji wa mbali. Nikamwambia sina haja, mimi natengeneza mwenyewe. Akanitazama viatu, akacheka. Hajui anaongea na nani.

Kabla sijagusa chuma nilimpigia Shangazi aulize kliniki, maana mimi sio mjinga kiasi hicho. Nesi akasema mayai na jibini sawa kwa kiasi, chumvi isizidi, na vidonge asimeze tena tumbo tupu. Nikapewa ruhusa ya serikali.

Nilitengeneza chombo siku mbili, baada ya saa za kazi. Sahani mbili za chuma cheusi, juu yake nikachomelea vipande vya vile vyuma vya mraba vya kutengenezea madirisha, vikakatizana. Nikaziunganisha kwa bawaba. Mishikio miwili ya nondo. Nikaona haitoshi, nikaweka na komeo. Fundi Athumani akasimama juu yangu mikono kiunoni.

"Hilo dirisha la nani, la panya?"

"La kupikia, bosi."

"Na komeo la nini? Chakula kitatoroka?"

Nikamwambia, na vijana wote wa karakana wakasikia, kwamba wiki mbili zijazo Bi Mwanahawa atakaa kwenye jamvi, atakula wafo wangu, na atasema ni mtamu kuliko vitumbua vyake mwenyewe. Nikaongeza na la mwisho hilo, sijui kwa nini. Mdomo wangu una mota yake. Fundi akasema asiposema hivyo nitafagia karakana mwezi mzima huku nimevaa kanga. Nikasema sawa, kwa sababu sikuwa na wasiwasi.

Nimalize kabisa aibu ya chombo kile. Nilipokimaliza kilikuwa kizuri mno, na mikono yangu, bila kuniuliza, ikafanya inachofanya kila siku kwa kila kitu kinachotoka karakana. Ikachukua brashi. Ikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Tabaka mbili. Nilikuwa napiga mluzi.

Nilikumbuka kinaenda kupika chakula nilipokiona kinakauka juani, katikati ya madirisha mengine, chekundu kama wenzake.

Hakuna kusugua rangi ya sumu ukamlishia bibi yako. Nikaanza upya na chuma kipya. Kile chekundu nimekileta nyumbani, kinazuia mlango wa banda la kuku, na kuku wameridhika. Fundi bado anawasimulia wateja.

Jibini nalo ni hadithi. Dukani Mikumi ilikuwepo ya kipande kidogo kama sabuni ya hotelini, nikasema nitatengeneza mwenyewe, kama kawa. Nikaenda kwa Mama Naserian, mama wa kifugaji anayeleta maziwa kwa madumu pale karibu na karakana. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba nitayachemsha maziwa yake, nitayamiminia ndimu yakatike, nichuje.

Akaliweka dumu chini.

"Kijana, ng'ombe wangu amekukosea nini?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya bibi yangu mgonjwa. Akanijazia dumu mpaka juu, akasema nikimaliza kuyaharibu nimpelekee aone.

Yalikatika vizuri. Shida ni maji. Nilichuja, nikakamua kwa mikono, nikaning'iniza, bado jibini ilikuwa inalia machozi. Wafo wa kwanza kabisa, niliojaribu karakanani kwenye jiko la mkaa, ulitoka kama uji uliokaliwa. Nusu juu, nusu chini, katikati hakuna mtu.

Hapo ndipo elimu ya kuchomelea ilipomshinda hata yule dada wa hosteli. Mezani tuna jiriwa, ile mashine ya kubania chuma. Nikafunga jibini kwenye kitambaa, nikaiweka kati ya mbao mbili safi, nikaibana kwenye jiriwa, nikazungusha mkono. Maji yakatoka kama bomba limefunguliwa. Nikazungusha tena. Nikaiacha mpaka jioni, ikatoka ngumu, kavu, inakwaruzika kama nazi.

Kitambaa kilikuwa kanga ya Bibi. Niliichukua nyumbani kwa ajili ya usafi. Baadaye alipoivaa, alikuwa anafuatwa na paka.

Jumapili iliyopita ndiyo nilimpikia mara ya kwanza. Nilipaka chuma mafuta, nikakipasha mpaka kikafuka, nikamwaga, nikafunga komeo. Ulitoka mzima! Miraba imesimama, pembe zimekaa. Nilikaribia kuupiga picha ya pasipoti. Nikaupeleka chumbani kwenye sahani, na chai ya rangi ya tangawizi.

Bibi akaugeuza mbele, akaugeuza nyuma. Akauinua akanitazama kupitia vishimo.

"Mume wangu. Hili ni dirisha."

"Ni wafo, Bibi."

"Nakuambia ni dirisha. Nondo hizi hapa." Akamega kona, akatafuna kwa upande wenye meno, akameza kwa heshima. "Na ladha yake ni ya dirisha." Akarudisha sahani, akajifunika.

Niliumia, sisemi uongo. Nilienda kukaa kwenye banda la kuku.

Sasa inakuja sehemu ambayo ningeiruka kama huu ungekuwa ukurasa wa kujisifu tu. Jana Jumamosi nilimpikia mara ya pili, na niliweka sukari.

Vijiko viwili. Niliomba ufunguo wa kabati kwa Shangazi nikasema nataka majani ya chai. Nikajiambia ni vijiko viwili tu, ni ili azoee, baadaye nitapunguza. Nikajiambia mengi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria karakana, na Fundi, na kanga ya kufagilia. Nilitaka kusifiwa. Kidole cha mke wangu, nyama yake, nilikiweka kwenye mizani upande mmoja na mdomo wangu upande wa pili, na mdomo ukashinda.

Nikampelekea. Akamega, akatafuna. Akafumba macho.

Sijui kama nimewahi kumwona mtu akila hivyo. Alitafuna polepole kabisa, mashavu yamelegea, kama mtu anayesikia jina lake linaitwa kutoka mbali. Akamega tena. Robo nzima ikaenda. Nilichokuwa nakitaka kwa wiki tatu kilikuwa mbele yangu, na mimi nimesimama na tabasamu, na macho yangu yakashuka mpaka mguuni kwake. Bandeji ilikuwa mpya, nyeupe, na katikati ina doa dogo la majimaji.

Nikampokonya.

Nilimpokonya mtu mzima chakula mkononi, mama yake baba yangu. Nikakitupa dirishani, kuku wakakimbilia.

"Shabani!"

Hakusema mume wangu. Alisema Shabani. Mara ya mwisho aliniita hivyo nilipomwambia naacha shule.

"Nimeweka sukari, Bibi. Nisamehe. Niliweka sukari."

Akajifuta vidole kwenye kanga, kimoja kimoja.

"Najua," akasema. "Nilijua toka unafungua hilo geti lako. Sukari ikiungua ina harufu yake. Mimi nimekaanga vitumbua baba yako hajajua kufuta kamasi, leo unifiche sukari?"

"Sasa kwa nini ulikuwa unakula?"

"Kwa sababu ulikuwa mtamu."

Halafu, kwa kuwa tayari nilikuwa nimekosea adabu na kosa moja halikai peke yake, nikasema, "Na mimi najua kuhusu makapi."

"Makapi gani?"

"Ya nyuma ya mtungi."

Akaangalia dari. "Hayo ni ya panya."

"Panya wa wapi huyo, anatafuna muwa na kuhifadhi makapi kwenye kopo, na kopo analifunika?"

Bega lake likaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikapiga magoti. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, halafu sijui nani alianza, machozi yakatoka kweli. Tukakaa hivyo, wezi wawili, kila mmoja kamkamata mwenzake.

Alipotulia akaniambia jambo. Alisema sio sukari peke yake. Alisema akiamka asubuhi anasikia lori linapunguza mwendo, mikono yake inanyanyuka yenyewe kutafuta upawa, inakuta shuka. Kikaango kimepandishwa darini kama sanda inayongoja siku yake. Jikoni anafukuzwa kama mtoto. Anabaki kuletewa, kuletewa, kila mtu anamletea na kusimama mlangoni kumwangalia kama atameza.

"Hata wewe," akasema. "Unanipikia madirisha, unasimama hapo kama askari wa benki. Mimi ni mfungwa?"

Mimi ndiye niliyeweka na komeo.

Halafu akasema, "Usinipikie tena. Nisogezee jiko."

Ndiyo maana leo roho iko safi.

Asubuhi nilikwenda kuongea na Shangazi kabla Bibi hajaamka. Nilimweleza yote, pamoja na vijiko viwili, na akanipiga na ufagio, mara moja tu, ya haki. Lakini akakubali. Tukaweka jiko la mkaa barazani. Tukaweka kigoda, na kigoda cha pili kwa ajili ya mguu, upande wa mbali na moto, na mbele ya mguu nikaegemeza kipande cha bati kama ngao. Hakuna hospitali yenye ulinzi huo.

Bibi akatoka na mkongojo. Akakaa. Akaangalia bakuli langu la jibini na mayai kwa jicho ambalo madereva wa malori wanalijua.

"Nani kapiga haya mayai?"

"Mimi."

"Yamekukosea nini? Yapige mpaka yatoe povu. Iliki iko wapi?"

"Nimeweka."

"Umeipitisha juu kama ndege. Lete."

Akaitwanga mwenyewe, punje sita, mpaka harufu ikafika kwa jirani. Akaifinyanga jibini kwa vidole isibaki na mabonge. Akaniambia mchanganyiko huo lazima upumzike kidogo, kitumbua kisichopumzika hakivimbi na dirisha halitakuwa tofauti. Kumbe wiki zote hizi nilikuwa namwaga papo hapo, nikijiona fundi. Akapaka chuma mafuta kwa jani la mgomba lililokunjwa, sio kwa kitambaa kama nilivyofanya mimi. Akamwaga kidogo, sio mpaka pomoni. Akafunga.

Hakuweka komeo. Alilitazama tu, akanitazama mimi, akaliacha likining'inia.

Hakuangalia saa. Aliinamisha kichwa na kusikiliza. Alisema unga au jibini, vyote vinapiga kelele vikiwa na maji, na vikinyamaza ndiyo vimeiva. Mimi nikataka kujionyesha, nikakishika kile chuma ili nikigeuze, mkono mtupu. Malengelenge mawili ni hayo. Alinipulizia vidole kama nina miaka minne, kisha akaniambia fundi wa moto asiyejua moto ulipo arudi shule.

Ulipotoka, ulikuwa mwembamba kuliko wangu, kahawia, na ukingo wake umeungua ile kidogo, kama lesi. Jivu la miwa likatua juu yake. Bibi akalipuliza, akaukata mara nne, akasema tusogee.

Akaja kwenye jamvi.

Mguu kwenye kigoda, mgongo ukutani, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Alikula kipande chake, akanywa chai isiyo na sukari bila kusema ni maji ya vyombo. Shangazi alikuwa anatafuna huku anaangalia pembeni ili tusione uso wake. Mimi sikusimama mlangoni. Nilikaa, nikala, nikajifanya sioni kwamba anachukua kipande cha pili. Kisha akameza vidonge vyake, tumbo likiwa na kitu.

Uvumilivu ukaniisha. "Mke wangu, sema ukweli mbele ya Shangazi. Mtamu kuliko vitumbua?"

"Hapana."

Basi nitafagia. Na kanga nitavaa, ile ile yenye harufu ya jibini, na paka wote wa Mikumi wanifuate. Nimeshamtumia Fundi Athumani ujumbe nikakiri. Amenijibu kwa picha ya ufagio.

Lori la miwa lilipita pale tukiwa tunamalizia. Likapunguza mwendo kwenye tuta kama kawaida, na muwa mmoja ukateleza, ukadondoka barabarani, mrefu, mwekundu, mbichi. Sote watatu tuliuona. Nilimwangalia Bibi, na Bibi akajua ninamwangalia.

Akanyoosha mkono kwenye sahani, akaokota makombo ya ukingo yaliyobaki, akayatia mdomoni.

"Hebu wape watoto ule muwa," akasema. "Na kopo langu kalioshe."

Sijui kidole kitafunga. Jumatano nimeomba ruhusa kazini, nitampeleka mwenyewe kliniki Kilosa, na nesi atapima na kutuambia. Sijisifu kwa hilo. Ni kitu pekee ambacho mdomo wangu haujathubutu kukitabiri. Nimemwachia Shangazi jibini ya siku tatu na mayai ya kuku wetu, chombo kinabaki hapa, na mpishi anabaki kuwa yeye.

Nilipokuwa nafunga begi kurudi Mikumi nikamuaga. Nikamuuliza Jumatano nimletee nini, nikitegemea atasema kanga.

"Madirisha yanatosha," akasema. "Wiki ijayo nipikie mlango, nitoke."